Tangi la hita ya maji kama mtambo wa biodizeli: linafaa, ila si kama linavyouzwa

Mitambo ya kutengenezea biodizeli nyumbani kutokana na mafuta yaliyotumika kukaangia ni ya namna tatu. Upo ule unaoitwa Appleseed, ambao ni tangi la hita ya maji ya umeme lililounganishwa na pampu ndogo, mabomba ya chuma na koki tano au sita. Lipo pipa la plastiki lenye kitako cha koni, linalokaa juu ya miguu ya chuma. Na ipo mashine ya chuma cha pua inayojiendesha karibu kila hatua. Hapa tunaupima ule wa kwanza, wa tangi la lita 200, unaouzwa kama seti ya kuunganisha mwenyewe. Pipa la plastiki nalo tutaligusa mara kwa mara, kwa sababu ndilo linalowavuta wanaoanza: ni jepesi, linaonyesha ndani, na kitako chake hutoa kila tone.

Neno letu mapema: tangi la hita ndilo la kuchukua. Limefungwa, ni la chuma, na limevikwa sponji inayotunza joto. Lakini seti nyingi hufika zikiwa na kasoro nne ambazo lazima zirekebishwe kabla ya kumimina lita ya kwanza, na mojawapo, ile ya pampu, inaweza kuteketeza banda zima.

Kwa nini chuma, kwa nini kufungwa

Molekuli ya mafuta ya kupikia ni minyororo mitatu ya asidi ya mafuta iliyoshikwa na uti mmoja wa gliserini. Methanoli (pombe yenye sumu), ikisaidiwa na kichocheo (alkali kali, hapa potasiamu haidroksaidi), huibandua minyororo hiyo mmoja baada ya mwingine na kujishikiza pale ilipokuwa gliserini. Minyororo iliyobanduliwa ndiyo biodizeli. Gliserini, kwa kuwa ni nzito, huzama chini. Kwa hesabu ya kemia tupu lita 100 za mafuta zinahitaji lita 12 na nusu hivi za methanoli, lakini ukitia kiasi hicho tu kazi itaishia njiani, maana mmenyuko huu huenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu hutiwa lita 20 hadi 22. Ile ziada ndiyo inayousukuma mpaka mwisho.

Sasa methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, na mvuke wake unaweza kushika moto hata kimiminika kikiwa na nyuzi 12 tu. Kazi yenyewe hufanyika kati ya nyuzi 50 na 55, yaani mahali ambapo methanoli inataka kutoka kwa nguvu zote. Kifuniko cha pipa la plastiki hakiwezi kuuzuia mvuke huo. Hasara inakuwa mara mbili: methanoli inayotoroka ni methanoli iliyopungua ndani ya mmenyuko, na hewa ya banda inajaa sumu inayowaka. Mvuke wake ni mzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni mpaka ukute cheche. Moto wa methanoli nao hauonekani kwenye mwanga wa mchana. Mtu huhisi joto kabla hajaona chochote.

Ongeza kwamba polithini hulegea inapokaribia nyuzi 60. Mashimo yaliyotobolewa kwa ajili ya koki hutanuka, raba zake hupoteza mbano, na michirizi huanza. Na likitokea la kutokea, pipa la plastiki huyeyuka na kumwaga mzigo wote sakafuni. Tangi la chuma lililojengwa kuhimili shinikizo la maji ya bomba hubaki limesimama.

Lakini faida kubwa kuliko zote ni ile sponji. Tangi la hita halihitaji kupashwa moto wakati methanoli imo ndani. Unapasha mafuta peke yake, unazima umeme wa hita kabisa, ndipo unaingiza methanoli, na joto linakaa kwa saa mbili likipungua nyuzi chache tu. Pipa la plastiki lisilo na koti hupoa upesi, na mwenye nalo hujikuta akiwasha koili ya umeme ya kupashia joto ndani ya methanoli. Hilo halifai kufanywa hata mara moja.

Kasoro nne za seti

Ya kwanza ni vitu vilivyomo ndani ya tangi ambavyo muuzaji huviacha kama vilivyotoka kiwandani. Kuna fimbo ya magnesiamu au alumini inayolinda tangi lisipate kutu, na kuna bomba la plastiki linalopeleka maji baridi chini. Vyote viwili vitoke. Alumini huliwa na kichocheo na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ni hatari yenyewe. Lile bomba la plastiki nalo huyapeleka mafuta yanayorudi hadi chini, jirani na mlango wa kutokea, hivyo mafuta huzunguka kati ya sehemu mbili zilizo karibu huku ya juu yakibaki hayajaguswa. Fungua nati ya fimbo kwa spana ndefu tangi likiwa limefungwa kwenye ukuta au nguzo, huwa imeng'ang'ania.

Ya pili ni kitako. Chini ya matangi mengi ya hita pamebinuka kwenda juu, na mlango wa kumwagia uko ubavuni. Matokeo yake gliserini kadhaa hubaki kwenye mfereji unaozunguka kitako, na hiyo hurudi kuchanganyika na mzigo unaofuata. Dawa nzuri ni kulisimamisha tangi kichwa chini: upande wa juu umebinuka kwenda nje, kwa hiyo ukigeuzwa unakuwa kama bakuli lenye tundu mahali palipo chini kuliko pote. Koili iliyokuwa ya juu sasa inakuwa ya chini, na hiyo ndiyo ya kutumia. Hakikisha tu imezama kabisa kabla ya kuwasha. Koili inayowaka hewani huungua kwa sekunde, na inayozama nusu hukaanga mafuta mpaka yanabadilika rangi na kunuka.

Ya tatu ni pampu, na hapa tunataka kukaa kidogo.

Pampu inayokuja na seti kwa kawaida ni ile ndogo ya maji safi, yenye midomo ya inchi moja na mota ya wati 370 hadi 750. Kwa kazi ya kuzungusha inatosha sana. Ikisukuma lita 35 kwa dakika, mzigo wa lita 146 (mafuta na methanoli pamoja) unapita ndani yake mara 14 kwa saa moja, na huo ni mchanganyo wa kutosha. Tatizo liko kwenye mota yake. Mota yenye brashi za kaboni, kama ile ya drili, hurusha cheche muda wote inapozunguka, na haipaswi kukaribia methanoli. Mota ya induksheni, isiyo na brashi, ni afadhali, lakini baadhi yake huwa na swichi ya ndani inayokata koili ya kuwashia kila pampu inapoanza na inaposimama, na swichi hiyo hutoa cheche. Mota ya namna hiyo utaitambua kwa mlio wa "tak" muda mfupi baada ya kuwasha, na mwingine unapozima na kasi kushuka. Inayotakiwa ni ile yenye kapasita iliyounganishwa moja kwa moja, isiyo na swichi hiyo, yenye bodi iliyofungwa pande zote na feni nje. Seti ikija na pampu isiyoeleweka, muulize muuzaji. Asipoweza kujibu, nunua tangi na mabomba, pampu utafute mwenyewe.

Kisha kuna sili yake, ile inayozuia mafuta kuvuja. Pampu za maji hufungwa kwa raba ya naitrili, ambayo huvimba taratibu ikikaa ndani ya biodizeli na methanoli. Sili ikianza kuchoka, tone la kwanza hutokea kwenye ule uwazi kati ya kichwa cha pampu na mota, yaani sentimita chache tu kutoka kwenye umeme. Weka karatasi nyeupe chini ya uwazi huo kila unapofanya kazi. Doa likionekana, zima pampu na ubadilishe sili. Ya raba ya Viton hudumu zaidi, na kwa pampu nyingi za aina hii hupatikana.

Kasoro ya nne inafanana na hiyo: mipira ya kupitishia. Ule mpira mwepesi unaoonyesha ndani, unaouzwa kwa matumizi ya maji, hukauka na kuwa mgumu kama kijiti baada ya mizigo michache, kisha hupasuka kwenye klempu. Tumia bomba la chuma kwa njia zote za moto, na mpira unaoonyesha ndani ubaki sehemu mbili tu: kipande kifupi cha kutazamia gliserini inapotoka, na kipimo cha ujazo ubavuni mwa tangi, chenye koki juu na chini ili kifungwe pampu inapofanya kazi. Viunganishi viwe vya chuma cheusi au cha pua. Viungio vya bomba na elbo vilivyopakwa zinki havifai, wala shaba na shaba nyeupe kwa kuhifadhia, kwani metali hizo huharakisha kuoza kwa biodizeli. Koki ya shaba nyeupe ambayo mafuta yanapita tu haina madhara makubwa. Kwenye nyuzi za mabomba tumia tredi tepu nene, mizunguko minne au mitano. Gundi nyingi za mafundi bomba huyeyuka.

Jambo moja seti nyingi hulifanya vizuri, na tunalisifu: kipumulio. Tangi haliwi limezibwa kabisa. Unapoingiza lita 26 za methanoli, lita 26 za hewa iliyojaa mvuke lazima zipishe. Bomba la kipumulio liende nje ya jengo, juu, mbali na dirisha, na vali ya usalama iliyokuja na hita ibaki mahali pake.

Mzigo mmoja wa lita 120

Tangi la lita 200 lisijazwe zaidi ya robo tatu. Lita 120 za mafuta na lita 26.4 za methanoli zinatoa lita 146 na kidogo, na mafuta yakitoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka karibu lita 3 zaidi. Nafasi inayobaki si ya kupoteza, ni ya kuwa salama.

Mafuta yachujwe yakiwa ya uvuguvugu kwenye chujio la mikroni 100, yaachwe yatulie siku kadhaa, na ya chini kabisa yasichukuliwe. Maji ndiyo adui mkuu. Weka kijiko cha mafuta kwenye kikaangio kikavu kilichopashwa mpaka kupita nyuzi 100: yakilia na kupasuka, hayajawa tayari. Yakitoa viputo vichache vya kimya, yako karibu. Kuyakausha, yazungushe ndani ya tangi kwa nyuzi 60 kipumulio kikiwa wazi, yaache yatulie usiku mzima, umwage ya chini asubuhi. Mtambo huu unafanya kazi hiyo vizuri kuliko pipa lolote.

Halafu titresheni (kupima asidi iliyomo ndani ya mafuta), ambayo hakuna mtambo unaoifanya kwa niaba yako. Yeyusha gramu 1 ya potasiamu haidroksaidi katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Weka mililita 10 za pombe ya aisopropili kwenye glasi ndogo pamoja na matone mawili ya fenolfthaleini (kionyeshi kinachobadilika rangi), na tonesha lile suluhisho mpaka rangi ya waridi ionekane. Hiyo husawazisha pombe yenyewe. Ongeza mililita 1 kamili ya mafuta, rangi itapotea. Sasa tonesha tena kwa sirinji yenye vipimo, ukizungusha glasi, ukihesabu. Waridi itajitokeza mahali tone linapoangukia na kufutika, itajitokeza na kufutika, mpaka tone moja linageuza glasi nzima na rangi inakaa kwa sekunde 15 hadi 30. Soma sirinji. Rudia mara tatu. Majibu yakipishana kwa zaidi ya nusu mililita, mafuta hayakuchanganywa vizuri kabla ya kuchukua sampuli.

Kila mililita iliyotumika ni gramu 1 ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya gramu 7 za msingi. Tuseme ilitoka 3. Gramu 7 na 3 ni 10, mara lita 120 ni gramu 1,200 za kichocheo safi. Lakini potasiamu haidroksaidi inayouzwa kwa kawaida ni ya asilimia 90, iliyobaki ni maji, kwa hiyo gawanya kwa 0.9: gramu 1,333. Wengi huisahau hesabu hiyo ya mwisho, kisha hushangaa mmenyuko kuishia katikati. Titresheni ikizidi 8 tunashauri mafuta hayo yachanganywe na mengine mazuri. Kilichozidi kinageuka sabuni, na sabuni huondoka na biodizeli yako.

Sodiamu haidroksaidi, ile kostiki, hufanya kazi vilevile na msingi wake ni gramu 5. Kwa mtambo huu hatuipendekezi. Gliserini yake huganda inapopoa, na ikigandia ndani ya pampu na mabomba ya chuma, utafungua kila kiungo kuisafisha. Ya potasiamu hubaki kimiminika hata asubuhi yake.

Kichocheo huyeyushwa katika methanoli kwenye dumu nene la polithini, kikitiwa kidogo kidogo, kifuniko kikifungwa na dumu kuzungushwa taratibu. Mchanganyiko hupata joto wenyewe, kwa hiyo legeza kifuniko mara kwa mara. Miwani iliyofungwa pembeni, glavu ndefu za raba ya butili, nguo za mikono mirefu, na ndoo ya maji karibu. Barakoa zenye kichungio cha mkaa hazizuii methanoli kwa muda wa maana; kinachokulinda ni kufungwa kwa vyombo na hewa inayopita. Methanoli hupenya ngozi na hupofusha, na ikichanganyika na kichocheo kikali inapenya na kuunguza kwa pamoja.

Pasha mafuta hadi nyuzi 60, si 55. Kwa hita ya wati 1,500, kuanzia nyuzi 20, hiyo ni karibu saa moja na dakika 40. Sababu ya 60 ni kwamba methanoli inayoingia ni ya baridi: lita 26 zake hushusha mzigo mzima hadi nyuzi 52 hivi, na hapo ndipo tunapotaka. Zima hita kwenye swichi ya ukutani, chomoa kabisa. Washa pampu, fungua koki ya dumu nusu tu, na acha mchanganyiko unyonywe taratibu kwa dakika 15. Ukiuingiza wote kwa mkupuo, sehemu moja ya mafuta hupata kichocheo kupita kiasi na kufanya sabuni.

Sisi tunapendelea kuingiza hatua mbili. Nne ya tano kwanza, zungusha saa moja, acha dakika 30 gliserini ishuke, imwage, kisha ingiza moja ya tano iliyobaki na kuzungusha saa nyingine. Gliserini ikishaondolewa, mmenyuko hauna cha kuurudisha nyuma. Kazi inaongezeka kidogo, lakini ubora wake ni tofauti kabisa.

Kipimo cha mirija

Kabla ya kuacha mzigo ulale, chukua sampuli, iache itulie mpaka gliserini ishuke, na upime. Mililita 27 za methanoli safi kwenye mrija wenye vipimo, mililita 3 za biodizeli, vyote vikiwa na nyuzi 20 hivi. Ziba, tikisa kwa nguvu sekunde kumi, simamisha. Biodizeli huyeyuka ndani ya methanoli, mafuta ambayo hayajageuka hayayeyuki. Mzigo uliokamilika utatoa mrija wa rangi ya majani makavu, mng'avu kuanzia juu hadi chini. Usiokamilika utakuwa na ukungu, na baada ya dakika chache utaona vitone vidogo vya mviringo vikitelezea ukutani na kukusanyika kitakoni kama shanga ya njano. Hata shanga ya ukubwa wa kichwa cha pini ni mafuta mabichi. Rudisha joto, mwaga gliserini yote, ongeza lita 5 za methanoli zenye gramu 150 za kichocheo, zungusha saa moja. Kurudisha joto huko kufanyike kabla ya methanoli mpya, kwa muda mfupi na kipumulio kikiwa wazi, maana ya zamani bado imo. Kwa sababu hiyo usitumie umeme; pitisha maji moto kwenye koili ya bomba ndani ya tangi.

Tunakitaja kipimo hiki kwa kirefu kwa sababu matangazo ya seti hayakitaji kabisa. Yanaonyesha chupa iliyogawanyika matabaka mawili, na mnunuzi anaamini kwamba kugawanyika ni kukamilika. Sivyo. Mafuta yaliyogeuka asilimia 80 nayo hugawanyika vizuri machoni. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka angalau asilimia 96.5 ya esta (yaani biodizeli yenyewe), na jicho peke yake haliwezi kuiona tofauti hiyo.

Mzigo ukilala usiku mzima, fungua koki ya chini kidogo na utazame kile kipande cha mpira. Gliserini hupita nyeusi ya kahawia, nzito, kama uzi mmoja usiokatika. Kisha unakuja mstari mwembamba wenye utando, na papo hapo rangi inafunguka na kuwa ya asali, mwendo unakuwa mwepesi. Funga hapo. Kwa lita 120 tarajia gliserini ya lita 20 na zaidi, na biodizeli inayokaribia lita kwa lita na mafuta uliyotia, ukitoa asilimia 5 hadi 10.

Kuosha: hapa pipa la plastiki linapata haki yake

Biodizeli iliyotoka hapo ina sabuni, methanoli na kichocheo. Usiioshe ndani ya tangi la chuma. Maji na chuma havichukuani vizuri, na huoni kinachoendelea. Pipa la plastiki lenye koni ndilo chombo bora cha kuoshea: linaonyesha mstari wa maji, linatoa kila tone, na wakati huu joto si kubwa. Ukiwa na nafasi ya vyote viwili, nunua tangi la hita kwa mmenyuko na pipa la koni kwa kuosha.

Osha kwanza kwa ukungu mwepesi wa maji unaoanguka juu yake, bila kukoroga. Maji ya kwanza hutoka meupe kama maziwa. Yamwage, rudia, na kila mzunguko unaweza kukoroga zaidi kidogo, mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia. Ikitokea mzigo wote ugeuke mtindi mzito usioachana, kuna mawili: sabuni imezidi, au mmenyuko haukukamilika na kuna mafuta yaliyogeuka nusu, ambayo hushika maji na biodizeli kwa pamoja. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi huvunja hali hiyo polepole. Kama mrija wa 27 na 3 ulikuwa na shanga na ukaupuuza, hapa ndipo unapolipa.

Kisha kausha. Zungusha biodizeli ya nyuzi 40 hadi 50 kwa pampu ndogo, ikianguka kama manyunyu ndani ya pipa lililo wazi, mahali penye upepo, mpaka uweze kusoma maandishi kupitia chupa yake ikiwa imepoa. Lakini ung'avu ni mwanzo tu. Biodizeli inaweza kubeba maji zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni na bado ikang'aa, ilhali EN 14214 inaruhusu miligramu 500 kwa kilo. Ikishang'aa, iendelee kuzunguka saa mbili zaidi.

Maji ya kuoshea yana methanoli na sabuni, kwa hiyo yasiingie mtoni wala kisimani. Gliserini nayo imebeba sehemu kubwa ya ile ziada ya methanoli. Wapo wanaoongeza kipozeo juu ya tangi la hita na kuirudisha kwa kuchemsha. Tangi la chuma linaweza, la plastiki haliwezi kabisa, lakini seti tunayoizungumzia haikujengwa kwa kazi hiyo, na hatumshauri mtu kuianza kabla hajaujua mtambo wake kwa mizigo mingi.

Yanayoharibika na sababu zake

Mzigo ukigeuka jeli nzima ndani ya tangi, kichocheo kilizidi au mafuta yalikuwa na maji. Pima mizani yako kwa kitu cha uzito unaojulikana kabla ya kulaumu mafuta. Usipogawanyika kabisa, kichocheo kilikuwa kimekufa: potasiamu haidroksaidi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na hewa ya ukaa na kugeuka kabonati, ikabaki nyeupe vilevile bila nguvu. Vipande vikishikana na kutokwa jasho, usivitumie. Pampu ikilia bila kusukuma, imenyonya hewa kupitia koki ya dumu lililokwisha. Zima mara moja, kwa kuwa sili inayozunguka kavu huharibika ndani ya dakika moja. Thamostati ya hita nayo husoma joto la ukuta wa tangi, si la mafuta. Weka kipimajoto kwenye bomba la pampu na ukiamini hicho.

Mashine ya chuma cha pua inayojiendesha hatutaisema sana. Imejengwa vizuri, na kwa anayetengeneza mfululizo inajilipa kwa muda inaookoa. Ila nayo hutegemea titresheni na mafuta makavu kama mitambo mingine yote, na ikiharibika saketi yake huwezi kuendelea kwa spana na tredi tepu.

Kuhusu injini: za zamani zenye pampu ya mitambo huipokea vizuri, isipokuwa mipira yake ya asili ya raba, ambayo huvimba na ibadilishwe mapema. Filta ya kwanza na ya pili zitaziba kwa sababu biodizeli huosha uchafu wa miaka uliolala tangini. Injini mpya zenye kichujio cha masizi ni jambo jingine. Hunyunyiza mafuta ya ziada ili kuchoma masizi, na biodizeli, kwa kuwa haifuki kirahisi, huteremka na kuingia kwenye oili ya injini. Fuata kiwango cha mchanganyiko anachoruhusu mtengenezaji wa gari. Baridi pia ina neno: biodizeli ya mafuta ya mawese huanza ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16, wakati ya mafuta ya mbegu za rapa hustahimili hadi chini ya sifuri.

Ukiagiza seti, agiza pamoja nayo sili mbili za akiba za pampu, za Viton, koili moja ya wati 1,500 yenye uso mpana, na mita mbili za mpira wa kutazamia. Koili yenye uso mfupi huunguza mafuta yanayoigusa hata ikiwa imezama, na utaijua kwa ukoko mweusi unaoanza kuishika baada ya mizigo michache.